Ulinganifu wa Kasi na Usahihi wa Shabaha: Upinde, Gobore na Snaida katika Historia ya Singida

1. Utangulizi

Katika maandishi ya historia ya Afrika Mashariki, bunduki za karne ya 19 hupimwa kwa idadi yake, kwa umbali zinaofikia, na kwa muda unaohitajika kuzijaza upya. Kipimo kingine, ambacho walenga shabaha hukitanguliza, hutajwa kwa nadra: je, risasi ya pili hutoka mtutuni kwa kasi ileile ya risasi ya kwanza? Insha hii inatumia kipimo hicho kuzichunguza silaha zilizotumika katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Singida. Hoja yake ni kwamba udhaifu mkubwa wa gobore haukuwa upungufu wa nguvu bali kutotabirika, na kwamba mkataba wa kimataifa wa 1890 uliugeuza udhaifu huo kuwa mgawanyo wa kisheria.

2. Kanuni ya ulinganifu

Risasi huanza kuvutwa na ardhi mara tu inapotoka mtutuni. Kadiri inavyochukua muda mrefu kufika, ndivyo inavyoshuka zaidi. Tukiacha kando ukinzani wa hewa, risasi iendayo mita 300 kwa sekunde hushuka takriban sentimita 54 katika umbali wa mita 100, ilhali ile ya mita 270 kwa sekunde hushuka sentimita 67. Tofauti ya sentimita 13 yatosha kumkosa mnyama mdogo. Katika mita 20, tofauti hiyo ni takriban nusu sentimita tu, kwa kuwa hukua kwa mraba wa umbali.

Kanuni hii huonekana wazi zaidi katika bunduki ya upepo, ambayo haina baruti. Katika mashindano ya Olimpiki ya mita 10, alama ya kati ina kipenyo cha milimita 0.5. Kasi ikipungua kutoka mita 175 hadi 172 kwa sekunde, kidonge hufika chini kwa zaidi ya nusu milimita, yaani zaidi ya kipenyo cha alama yenyewe. Ndiyo maana mafundi wa bunduki hizo hushughulikia zaidi usawa wa mgandamizo wa hewa kuliko ukubwa wake. Kasi ndogo isiyobadilika hurekebishika, kwani mlengaji huinua mtutu kidogo. Kasi inayobadilika kila mara haina marekebisho, kwa sababu mlengaji hajui risasi ijayo itakuwa ipi.

3. Upinde na gobore

Mshale uendao mita 50 kwa sekunde hushuka zaidi ya mita moja katika umbali wa mita 25. Kwa kipimo cha kasi peke yake, upinde ni silaha hafifu. Hata hivyo Wahadzabe, ambao baadhi yao huishi Wilaya ya Mkalama, wameishi kwa upinde kwa vizazi vingi. Mpiga mshale huvuta uzi hadi mahali palepale pa mwili wake, kwa upinde uleule na mishale anayoichonga mwenyewe. Mkono uliozoezwa tangu utotoni ndio kipimo cha nguvu, nao hurudia. Sumu ya mshale nayo hupunguza haja ya nguvu kubwa, ikabakiza haja moja, yaani mshale ufike ulikokusudiwa.

Gobore ni kinyume chake. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, kisha risasi au marisaa, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Kila hatua ina mwanya wa tofauti. Baruti ya mkononi huzidi au hupungua. Shura iliyomo hunyonya unyevu wa masika. Chembe kubwa huungua polepole kuliko ndogo. Kushindilia kwa nguvu au kwa ulegevu hubadili mgandamizo. Risasi isiyoujaza mtutu huacha moshi upenye kando yake, na nguvu hupotea kwa kiasi kisichojulikana. Mtutu usio na michirizi ya ndani huongeza tatizo, kwa kuwa risasi haizungushwi ili itulie njiani. Kwa hiyo mwindaji wa gobore alilazimika kusogea karibu na windo, na ujuzi wake ulikuwa wa kunyemelea kuliko wa kulenga.

Bunduki ya Snider, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1866, ilitumia risasi yenye ganda, na baruti yake ilipimwa kiwandani. Kazi ya kupima iliondolewa mkononi mwa mpigaji. Januari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley, uliokuwa na Snider pamoja na bunduki za kujazwa kwa mdomo, ulipigana na Wanyaturu huko Vinyata. Kwa mujibu wa maelezo ya Stanley, kikosi kimoja kilichowafuata wenyeji mbali na kambi kiliangamizwa karibu chote, na mapigano yalimalizika kwa vijiji kuchomwa moto. Haifai kudai kwamba ulinganifu wa kasi peke yake uliamua matokeo hayo, kwa maana wingi wa watu na hali ya ardhi vilikuwa na uzito. Hata hivyo tukio hilo linaonya dhidi ya kudhani kwamba mwenye bunduki alimzidi mwenye upinde katika kila umbali.

4. Mkataba wa Brussels wa 1890

Mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 2 Julai 1890, kwa madhumuni yaliyotangazwa ya kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia uingizaji wa silaha za moto kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Singida imo katikati ya eneo hilo. Kilichoweza kuruhusiwa kuuzwa kwa umma ni gumegume zisizo na michirizi, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Bunduki zenye michirizi na risasi zake zilihitaji ruhusa maalumu.

Kwa kipimo cha insha hii, orodha hiyo ina maana pana. Vitu viwili vilivyoachwa wazi, mtutu laini na baruti isiyopimwa, ndivyo hasa vyanzo vikuu vya kutotabirika. Mwafrika hakunyimwa mlio wala moshi wa bunduki, alinyimwa marudio. Dola ya Kijerumani ilipojenga maboma Kilimatinde na Mkalama, tofauti kati ya askari na mwanakijiji haikuwa tu kati ya mwenye bunduki na asiye nayo. Ilikuwa pia kati ya mwenye risasi zilizofanana na mwenye risasi ambazo kila moja ilikuwa jaribio jipya.

5. Hitimisho

Ulinganifu wa kasi unasaidia kuzipanga upya silaha za Singida. Upinde, ulio wa polepole, na Snider, iliyo ya haraka, husimama upande mmoja kwa kuwa zote mbili hurudia. Gobore husimama peke yake licha ya nguvu zake. Kwa hiyo kuhesabu bunduki katika nyaraka za karne ya 19 bila kuuliza aina ya baruti na namna ilivyopimwa ni kuhesabu nusu ya silaha. Watafiti wa vita vya upinzani na wa historia ya uwindaji wanapaswa kuitazama baruti kwa uangalifu uleule wanaoutazamia mtutu.