Vumbi la Bandarini

Mwenye pumu huulizwa mengi juu ya nafsi yake: alikula nini, alilala wapi, alikasirishwa na nani. Maswali haya ni ya kale. Mwishoni mwa karne ya 12 Musa bin Maimun, tabibu wa Kiyahudi aliyeishi Misri, alimwandikia mgonjwa wake mtukufu kitabu kizima kwa Kiarabu, akimshauri juu ya chakula, usingizi na hewa. Mwaka 1860 Henry Salter, daktari wa London aliyekuwa na pumu yeye mwenyewe, aliandika kwamba paka waweza kumbana mtu pumzi. Lakini katika karne ya 20 baadhi ya wataalamu waligeuza jicho ndani ya moyo wa mgonjwa. Franz Alexander na wenzake wa Chicago walifundisha kwamba mlio wa kifua cha pumu ni kilio cha mtoto kwa mamaye, kilichozuiliwa kisitoke. Fundisho hilo liliwatwisha akina mama lawama wasiyostahili, na kisa kilichotukia Barcelona, katika Hispania, chaonyesha jinsi lilivyokuwa finyu.

Tangu mwaka 1981 ilitukia mjini humo kwamba siku moja, bila ya onyo, watu wazima wengi walifika hospitali wakitweta, midomo imegeuka rangi. Siku ya pili yake, kimya. Wapo waliokufa. Watu hao hawakujuana, na haiyumkiniki kwamba moyo wa kila mmoja ulifadhaika saa ile ile. Ndipo lawama ikaangukia moshi wa viwanda na magari, mshitakiwa aliye tayari katika kila mji mkubwa.

Josep Maria Antó na wenzake walitazama makazi ya wagonjwa, wakaona kwamba mashambulio yalikusanyika upande wa bandari. Basi wakafungua daftari za bandari. Nadhani hapa ndipo penye uzuri wa kazi yao: waliuliza karani wa shehena jambo ambalo daktari hakuweza kulijibu. Bidhaa 26 zilizoteremshwa katika miaka ya 1985 na 1986 zililinganishwa na siku za msiba. Siku zote 13 za miaka hiyo miwili zilikuwa siku za kuteremsha soya. Ngano nayo ilishukiwa kwa muda, walakini hesabu ilipopimwa upya ilionekana kwamba kosa lake lilikuwa kufuatana na soya tu.

Si kila meli ya soya iliyoleta msiba. Siku za msiba hewa ilikuwa tulivu, na upepo mwembamba wa kusini ulivuma kutoka bandarini kuingia mjini. Ghala moja la nafaka halikuwa na vichujio juu yake. Soya ilipomiminwa humo, vumbi la maganda lilipanda na kuelea juu ya mitaa.

Damu ilitoa ushahidi wa pili. Mwaka 1966 wataalamu waliofanya kazi Marekani walikuwa wametangaza kinga ya mwili iitwayo IgE, ambayo kwa baadhi ya watu huchukulia kitu kisicho na sumu kuwa adui. Adui huyo akiingia, misuli inayozunguka njia za pumzi hukaza, kuta zake huvimba, ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Kwa waliougua siku za msiba, karibu robo tatu walikutwa na IgE ya soya. Kwa wenye pumu waliougua siku nyingine, hawakufika mmoja katika 20.

Mwaka 1987 ghala liliwekewa vichujio, na siku zile zikakoma. Mashambulio machache yalipozuka tena katika miaka ya 1990, watu walijua pa kutazama.

Habari hizo zilivuka bahari. New Orleans, katika Marekani, iliwahi kupatwa na misiba ya namna hiyo katika miaka ya 1950 na 1960, na sababu mbalimbali zikatajwa. Mwaka 1997 wachunguzi walitangaza kwamba wamezirudia kumbukumbu zile kuukuu, wakazilinganisha na safari za meli. Siku za msiba ziliambatana na kuwapo kwa soya bandarini.