Mtabiri Mwenye Beleshi

Katika milima ya Uswisi, Austria na magharibi mwa Marekani, wapo watu ambao majira ya baridi yakifika hupanda mteremko na kuchimba shimo kwenye theluji. Ukutani mwa shimo hukata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 30 kila upande, wakaweka bapa la beleshi juu yake na kuligonga: mara 10 kwa kiganja, mara 10 kwa mkono kuanzia kiwiko, mara 10 kwa mkono mzima kuanzia begani. Hugonga huku wakihesabu. Nguzo ikikatika kwenye pigo la tatu, basi chini kuna tabaka dhaifu, lenye chembe zisizoshikana, kama sukari, na bamba zito la theluji limelala juu yake likingoja mtu wa kulikanyaga.

Je, kwa Kiswahili tumwiteje mtu huyu?

Nusu ya jina tunayo tayari. Tuna maporomoko ya maji na maporomoko ya ardhi, na wakazi wa Katesh walioshukiwa na tope la Mlima Hanang Desemba 2023 hawahitaji kufafanuliwa maana ya kuporomoka. Hata Wajerumani walipita njia hiyohiyo: jina lao la tukio hili, Lawine, linatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuteleza. Kwa hiyo "maporomoko ya theluji" ni istilahi safi, na tukio moja ni "poromoko". Wanaoandika "maporomoko ya barafu" wanakosea. Kiajemi, tulikolitoa neno barafu, hulitumia kwa theluji yenyewe, lakini kwetu barafu ni maji yaliyoganda yakawa jiwe, na jiwe hilo likimeguka na kuanguka, hilo ni janga jingine.

Ugumu upo kwenye nusu ya pili, "mtabiri". Wapo wanaolikwepa neno hili kwa sababu linanuka ramli. Lakini asili yake ni Kiarabu, na huko lilihusu kufasiri, hasa kufasiri ndoto: kutazama ishara na kusema zina maana gani. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa beleshi. Hatangazi kwamba mlima fulani utaporomoka saa nne asubuhi. Husoma theluji ya wiki nzima, upepo, joto na mwinuko wa mteremko, kwani mabamba mengi huporomoka penye nyuzi 30 hadi 45, kisha husema hatari ni ya kiwango gani.

Walioifikia kazi hii hawakupita mlango mmoja. Montgomery Atwater, aliyeanza kazi Alta, Utah, mara tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa askari na mwandishi wa vitabu vya vijana. Pale Alta walifikia hata kutumia mizinga ya kijeshi kuangusha theluji kabla haijaua. Edward LaChapelle alitoka kwenye fizikia na hisabati. Alikwenda kujifunza katika taasisi ya theluji ya Davos, Uswisi, majira ya baridi ya 1950 hadi 1951, msimu ambao maporomoko yaliua watu 98 nchini humo, kisha akajiunga na Alta mwaka 1952. Bruce Tremper, aliyeongoza kituo cha utabiri wa maporomoko cha Utah kwa karibu miaka 30, alikuwa mshindani wa mbio za skii, akasoma jiolojia, na ujanani poromoko liliwahi kumbeba akatoka hai. Wengine huanzia kwenye doria za viwanja vya skii au kazi ya kuongoza wapanda milima. Shahada husaidia, lakini asiyejua kupanda mlima mwenyewe hapati cha kufasiri.

Kisha kuna maneno anayoyatoa. Tangu 1993 nchi za Ulaya zinatumia ngazi tano za hatari. Davos hutoa taarifa jioni saa kumi na moja, kwa lugha nne, na majira ya baridi ya 2012 watabiri wake walianza kuijenga kwa vipande vya sentensi vilivyokwisha kutafsiriwa, ili mfasiri mwenye haraka asipotoshe neno hata moja.

Uangalifu huo tunauhitaji kwenye ngazi ya tatu. Ipo katikati, kwa hiyo mfasiri hushawishika kuiita "wastani", na msomaji hutulia. Ilhali wastani ni ngazi ya pili; kwenye ya tatu mtu mmoja anaweza kuliangusha bamba kwa uzito wake mwenyewe, na hapo ndipo wengi hufa. Tuziite ndogo, wastani, bayana, kubwa na kubwa mno. Wapo wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Salt Lake City, chini ya milima hiyohiyo ya Alta. Yeyote atakayewatafsiria taarifa ya theluji, asiandike "wastani" pale mtabiri aliposema hatari bayana.