Ustawi wa kijamii na ari ya masomo

Ustawi wa kijamii ni namna mtu anavyoyapima maisha yake miongoni mwa watu: kama ana mahali pake katika jamii, kama anathaminiwa na kama anachokifanya kinawafaa wengine. Istilahi hii iko karibu na “ustawi wa jamii”, lakini maana zake ni mbili tofauti. Ustawi wa jamii ni huduma kwa wenye shida, na ndiyo maana inayobebwa na jina la Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Huduma hutolewa na ofisi. Ustawi wa kijamii hutokana na mahusiano.

Mwaka 1998 mwanasosholojia wa Marekani, Corey Keyes, aliugawa katika sehemu 5: utangamano na wengine, imani kwa watu, mchango wa mtu, matumaini kwamba jamii inaweza kuendelea, na kuelewa jinsi jamii inavyokwenda. Sehemu hizi si lazima zipande au kushuka pamoja. Mwanafunzi anayeishi kwao Kanzenze, mojawapo ya tarafa 12 za wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, na kusoma katika tawi la Gisenyi la Chuo Kikuu Huru cha Kigali (ULK), anaweza kuwa na mchango unaoonekana: Jumamosi ya mwisho wa mwezi yuko kwenye umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na majirani. Lakini akiwahi usafiri kila kipindi kinapokwisha, utangamano wake na wanafunzi wenzake hudhoofika. Aliyepanga chumba mjini huweza kuwa na hali iliyo kinyume cha hiyo.

Ari ya masomo ni nguvu inayomfanya mtu aanze kusoma, ashikilie na asikate tamaa. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walitofautisha ari ya ndani, itokanayo na hamu ya kujua, na ari ya nje, itegemeayo cheti, ajira au sifa. Kuna pia hali ya kukosa ari kabisa. Neno “motisha” hutumika sana kwa maana hii, ila kazini limezoeleka kuwa posho au zawadi. Kwa hiyo linafaa zaidi kwa kichocheo cha nje, na “ari” kwa nguvu iliyomo ndani ya mtu.

Ustawi wa kijamii na ari ya masomo vinakutana katika nadharia ya Deci na Ryan, inayosema kwamba ari ya ndani hukua pale mahitaji 3 yanapotimizwa: uhuru wa kuamua, umahiri na uhusiano. Mwanafunzi wa Goma, nchini Kongo, aliyesomeshwa kwa Kifaransa, akivuka mpaka na kukuta mihadhara ya Kiingereza, lugha ambayo Rwanda iliamua mwaka 2008 kuitumia kufundishia, huhitaji wenzake wa kumfafanulia. Hapo uhusiano unamjengea umahiri, na umahiri unaamsha ari.

Hata hivyo, mambo haya mawili, ustawi wa kijamii na ari, kuonekana pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa lingine. Anayefaulu huweza kupata marafiki kwa urahisi, na mwenye marafiki wengi huweza kupoteza saa za kusoma. Utafiti unaopima mara moja tu hauwezi kuamua kipi kilitangulia. Ni lazima wanafunzi walewale wafuatiliwe kwa mihula kadhaa.