Kuhama kwa Dhima: Hasara ya Kadi Bandia Inapoangukia Dukani

Tarehe 1 Oktoba 2015 Marekani haikupitisha sheria yoyote kuhusu kadi za benki. Hakuna mwenye duka aliyetozwa faini kwa kubaki na mashine yake ya zamani. Kilichobadilika ni kanuni za kampuni za kadi zenyewe, yaani Visa, Mastercard, American Express na Discover: kadi bandia ikitumika dukani, si lazima tena benki ndiyo ibebe hasara. Inaweza kubebwa na muuzaji. Badiliko hilo ndilo tunaloliita kuhama kwa dhima.

Kwa nini dhima, na si wajibu au deni? Wajibu ni jambo unalotakiwa kulitenda, na hapa muuzaji hakulazimishwa kutenda lolote. Deni ni kitu ulichokwisha kukopa. Dhima ni ile hali ya kuwa wewe ndiye utakayelipa jambo likiharibika, hata kama hukuliharibu wewe. Watu wa sheria na wa bima wameizoea. Aliyesoma fasihi shuleni atakumbuka dhima ya ngano na methali kwa maana ya kazi yake katika jamii. Maana hiyo aiweke kando kwa sasa. Na tunasema kuhama, si kuhamishwa, kwa sababu hakuna hakimu anayeikabidhi. Inakwenda yenyewe kwa yule mwenye chombo duni.

Kuhusu uduni huo, tazama kadi yenyewe. Utepe wa sumaku ulio nyuma umeandikwa namba ya kadi, tarehe ya kwisha muda na tarakimu chache za uthibitisho. Kila ukipitishwa kwenye mashine unasema maneno yale yale. Mwizi akiyanasa mara moja, anayahamishia kwenye kadi tupu na kwenda nayo madukani. Mwishoni mwa mwaka 2013 wezi walipenyeza programu yao katika mashine za malipo za maduka ya Target, wakaondoka na taarifa za kadi zipatazo milioni 40.

Chipu, iliyokuja kuchukua nafasi ya utepe huo, ni kompyuta. Kile kibati cha rangi ya dhahabu unachokiona ni njia tu ya kupitishia umeme na data. Yenyewe imejificha chini yake. Kadi ikichomekwa, mashine huipa umeme, kisha huitajia kiasi cha malipo, sarafu, tarehe na namba moja ya kubahatisha. Chipu huyachanganya hayo na ufunguo wa siri usiotoka ndani yake, ikatoa msimbo wa muamala huo mmoja. Benki iliyotoa kadi huukagua msimbo na kuamua. Atakayeunasa hatakuwa na la kuufanyia kesho.

Teknolojia hii haikuwa ngeni. Mfaransa Roland Moreno alisajili hataza zake za kadi yenye kumbukumbu mwaka 1974, na Europay, Mastercard na Visa walianza kuandika viwango vya pamoja miaka ya 1990. Herufi zao za kwanza ndizo EMV unayoiona kwenye karatasi za mashine. Marekani ilichelewa, na hata ilipofika ilifika nusu: kadi nyingi za mkopo zilitolewa na chipu lakini mteja akaendelea kutia sahihi badala ya kubonyeza namba ya siri.

Sasa mgawanyo wenyewe. Kadi halisi ina chipu, mwizi akanakili utepe wake, na mashine ya duka inasoma utepe tu: hasara ni ya duka. Kadi haikuwahi kupewa chipu: hasara ni ya benki iliyoitoa. Pande zote mbili zina chipu: benki tena, kama zamani. Kuna kitu kidogo cha kufurahisha hapa. Katika utepe umeandikwa msimbo wa huduma wenye tarakimu tatu, na ya kwanza ikiwa 2 au 6, mashine ya kisasa inatambua kwamba kadi hiyo ina chipu. Ukiipitisha inakugomea na kukutaka uichomeke. Mashine ya zamani haiulizi. Inapokea, inatoa risiti, mteja anaondoka na bidhaa, na wiki kadhaa baadaye mwenye duka anakuta fedha zimekatwa katika akaunti yake, pamoja na ada ya usumbufu.

Kununua mashine peke yake hakukutosha, na hapa ndipo wadogo walipoumia. Mashine yenye tundu la chipu ilihitaji programu iliyothibitishwa kufanya kazi na kampuni inayochakata malipo ya duka hilo, na foleni ya uthibitisho ilikuwa ndefu. Ndiyo maana mwaka 2016 ungeingia duka la Marekani ukaona mashine mpya imezibwa tundu kwa mkanda wa gundi, na maandishi ya kalamu yakisema chipu haifanyi kazi, pitisha. Wauzaji wa Florida, likiwamo duka la B&R Supermarket, walikwenda mahakamani Machi mwaka huo. Walisema walinunua mashine kwa wakati, hawakuthibitishiwa, na bado wakabebeshwa madai 88 ya zaidi ya dola 9,000 katika miezi michache. Kwa maoni yangu malalamiko yao yalikuwa na uzito: dhima iliwahamia, ufunguo wa kuikwepa ukabaki mikononi mwa wengine. Katikati ya mwaka 2016 Visa ililegeza kidogo, ikazuia madai ya kadi bandia yaliyo chini ya dola 25.

Kwa hiyo mwenye mgahawa mdogo, tuseme muuza pilau na sambusa kule Columbus, Ohio, swali lake la kwanza kwa kampuni ya malipo halikuwa bei ya mashine. Lilikuwa hili: chipu imewashwa na kuthibitishwa kwenye akaunti yangu leo, au bado? Aliyetumia kisomeo cha simu alipata nafuu, kwa kuwa uthibitisho ulikuwa kazi ya kampuni iliyokiuza. Kampuni ya Square ilitoa chake cha chipu na cha kugusisha kwa dola 49. La pili lilikuwa la keshia. Kadi ya chipu hukaa ndani ya mashine mpaka muamala uishe, na mteja aliyezoea kupitisha huichomoa mapema au huisahau. Chipu ikigoma, keshia asikimbilie kuandika namba za kadi kwa mkono, kwa sababu malipo ya namba zilizoandikwa hayana kinga ya chipu.

Kinga hiyo pia haivuki kaunta. Mauzo ya mtandaoni, ambako kadi haionekani, dhima yake ilikuwa kwa muuzaji tangu mwanzo, na wezi walipofungiwa dukani huko ndiko walikokwenda. Na si wote waliobanwa na tarehe ile ya 2015: vituo vya mafuta, ambavyo kubadili pampu kulidai mafundi na gharama kubwa, viliongezewa muda hadi Aprili 2021.