Melanosaiti

Melanosaiti ni seli zinazotengeneza melanini, rangi ya ngozi na nywele. Katika ngozi hukaa sehemu ya chini kabisa ya epidemisi, yaani tabaka la nje, na ni chache: kila moja huhudumia keratinosaiti zipatazo 36, seli zinazounda sehemu kubwa ya tabaka hilo. Huzifikia kwa matawi yake membamba na kuzigawia vifuko vya melanini, ambavyo hujipanga juu ya kiini cha seli na kukikinga na miali ya urujuanimno.

Wengi hudhani mtu mweusi ana melanosaiti nyingi kuliko mweupe. Ukilinganisha sehemu ileile ya mwili, idadi inakaribiana. Tofauti iko katika ukubwa wa vifuko na wingi wa melanini. Ushahidi ulio wazi zaidi ni ualbino, hali inayoonekana sana Tanzania: melanosaiti zipo, ila melanini haitoshi, na saratani ya ngozi huwapata wenye ualbino mapema mno. Je, basi ngozi nyeusi haihitaji kinga? Inaihitaji, kwa kuwa melanini hupunguza madhara ya jua bila kuyamaliza. Tena melanoma, yaani saratani ya melanosaiti, inayotokea kwenye nyayo, pasipopigwa sana na jua, huwapata weusi pia, na mara nyingi hugunduliwa imeshachelewa.