Sabufa za kompyuta: soma wati vizuri kabla ya kuvusha mzigo

Mfanyabiashara anayetoka Bujumbura, Goma au Lubumbashi kuja kununua vifaa vya umeme Kariakoo, Dar es Salaam, au anayevuka Namanga kwenda Luthuli Avenue, Nairobi, anaweza kuonyeshwa maboksi mawili ya sabufa yanayofanana. Moja limeandikwa wati 5,000, jingine wati 40, na lile la wati 5,000 ndilo la bei nafuu. Akinunua kwa kufuata namba hiyo tu, anaweza kufika nyumbani na mzigo ambao wateja wanaurudisha. Yeye hawezi kuurudisha kirahisi, kwa sababu duka liko ng'ambo ya mpaka. Makala haya yanaeleza sabufa ni nini, namba za kwenye boksi zina maana gani na mambo ya kukagua kabla ya kulipa.

SABUFA NI NINI?

Seti ya kawaida ya kompyuta huitwa 2.1, yaani spika mbili ndogo za pembeni na boksi moja la besi. Seti ya 5.1 ina spika ndogo tano na boksi moja la besi, na hutumika zaidi kwa filamu.

Sikio la binadamu husikia sauti za kuanzia takriban Hz 20 hadi Hz 20,000. Spika ndogo ya mezani haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa besi nzito, kwa hiyo saketi ndani ya seti hugawa sauti: besi huenda kwenye boksi kubwa, sauti nyingine huenda kwenye spika ndogo. Sikio halitambui kwa urahisi besi nzito inatoka upande gani, ndiyo maana boksi moja linatosha na huweza kukaa chini ya meza au kwenye kona. Tundu lililo kwenye boksi si pambo. Husaidia kuongeza besi, kwa hiyo lisizibwe wala kusogezwa hadi kugusa ukuta.

Katika seti nyingi amplifaya imo ndani ya boksi la besi. Kompyuta, simu au televisheni huunganishwa kwa waya wa pini ya milimita 3.5 au waya wa pini mbili, nyekundu na nyeupe. Seti za siku hizi mara nyingi huwa pia na Bluetooth, USB na redio ya FM.

WATI ZA PMPO NA WATI ZA RMS

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. RMS ni nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo, na hiyo ndiyo namba ya kulinganishia. Baadhi ya viwanda huandika pia nguvu ya kilele, ambayo kwa kawaida ni mara mbili ya RMS. Kwa mfano, Logitech Z533 imeandikwa wati 60 za RMS na 120 za kilele, na Z623 ni wati 200 za RMS na 400 za kilele.

PMPO ni jambo jingine. Haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda huihesabu kinavyotaka. Tufanye hesabu ndogo: wati 10,000 kwenye umeme wa volti 230 zingehitaji zaidi ya ampea 43, wakati plagi ya mapini matatu bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Kama wati hizo zingekuwa za kweli, fyuzi ingekatika.

Tena, wati zikiongezeka mara mbili sauti haiongezeki mara mbili. Tofauti kati ya wati 40 na 80 ni desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa mara mbili, nguvu inahitaji kuongezeka takriban mara kumi.

UKAGUZI WA DUKANI

1. Geuza boksi la besi usome kibandiko cha nyuma. Kikisema kifaa kinatumia wati 40 za umeme, usitegemee kitoe mamia ya wati mfululizo. Viwanda vingine hupima matumizi kwa sauti ya wastani, kwa hiyo ichukue namba hiyo kama dalili.

2. Piga wimbo wenye besi unaoufahamu. Ongeza sauti hadi zaidi ya nusu na usikilize kama boksi linatetemeka au sauti inakwaruza.

3. Simamisha wimbo, acha sauti juu. Mngurumo mkubwa ni dalili ya kasoro katika waya au saketi.

4. Jaribu spika zote mbili ndogo, rimoti na kila tundu.

5. Fungua maboksi kadhaa ya mzigo, usitosheke na lile la maonyesho.

6. Uliza kama spea zinapatikana, hasa transfoma na spika ya besi, na waranti iandikwe kwenye risiti.

UMEME NA PLAGI

Kenya na Uganda hutumia volti 240, Tanzania na Rwanda 230, Burundi na Kongo 220, na zote ni Hz 50. Sabufa iliyoandikwa volti 220-240 inafaa kote huko. Jihadhari na mitumba kutoka Marekani (volti 120) au Japani (volti 100). Ikiwa imetengenezwa kwa volti hizo pekee na haina swichi ya kubadilisha volti, inaweza kuungua pindi ikichomekwa.

Plagi ya mapini matatu bapa ni ya kawaida Kenya, Uganda na Tanzania. Burundi na Kongo soketi za mapini mawili ya duara ndizo zilizozoeleka. Adapta duni hupata moto, kwa hiyo ni vyema kuagiza mzigo wenye plagi ya nchi unakouza.

FORODHA

Spika na amplifaya zimo kwenye kifungu namba 8518 cha orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ina cheti rahisi cha uasilia kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Sabufa iliyotengenezwa China haiwi ya Jumuiya kwa sababu imenunuliwa Kariakoo au Nairobi. Risiti ya duka huonyesha bei, haithibitishi asili.

Kabla ya kununua, uliza ofisi ya forodha ya nchi yako ushuru na kodi ni kiasi gani, na shirika la viwango linadai cheti gani. Ingiza gharama hizo kwenye hesabu ya bei. Ukifika dukani, anza na RMS na volti, kisha ndipo uzungumzie bei. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha RMS, mwombe akuwashie seti ya wati 40 iliyo jirani, sikiliza zote mbili kwa wimbo mmoja, halafu amua.