Ramani iliwahi, chanjo ikachelewa

Wasomaji wangu, tukitaja ramani za mtandaoni wengi hufikiria barabara na mahoteli. Leo tuangalie mifugo.

Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa na wataalamu mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba karibu na Ziwa Naivasha. Virusi vyake hudumu ndani ya mayai ya mbu, ambayo huweza kungoja udongoni kwa miaka. Mafuriko yakija, mayai huanguliwa. Mbu humwambukiza mnyama, kisha binadamu huambukizwa kwa damu ya mnyama huyo au kwa kuumwa na mbu.

Sasa, ugonjwa unaofuata mvua unaweza kutabiriwa kwa tarakilishi. Baada ya mlipuko wa 1997-98, ulioandamana na mvua za El Niño, watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 1999 kwamba ukiunganisha joto la bahari na picha za setilaiti zinazopima ukijani wa mimea, unaweza kupata tahadhari hadi miezi 5 mapema.

Mwaka 2006 mtihani ukaja. Kuanzia Septemba dalili za hatari zilionekana, na Novemba shirika la FAO likatoa tahadhari kwa Afrika Mashariki. Desemba ugonjwa ukathibitishwa Garissa. Lakini kuchanja mifugo kulianza Januari 2007. Kufikia katikati ya Machi, Kenya ilikuwa imeripoti wagonjwa 684 na vifo 155.

Kasoro haikuwa kwenye hesabu. Ramani iliwafikia wataalamu, lakini haikuwa na njia ya haraka ya kumfikia mfugaji, wala ya kupokea habari zake. Na habari alikuwa nazo! Wafugaji Wasomali wana jina lao la ugonjwa huu, sandik, yaani pua kutoka damu. Waliona mvua, mbu na mimba za mifugo zikiharibika kabla daktari hajafika.

Kwa hivyo ukipanga mfumo kama huu, usianze na seva wala rangi za ramani. Uliza kwanza: nani atapokea tahadhari? Ana chanjo, gari na ruhusa ya kutumia pesa? Mchungaji asiye na intaneti ataripoti vipi, kwa ujumbe mfupi wa simu? Bila majibu hayo utakuwa umejenga picha nzuri tu, na picha haichanji ng'ombe.